Wauzaji wa vali za redio, acheni kufuta jina halisi na kuandika Mullard

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Nimekaa na jambo hili kwa wiki tatu nikitumaini kwamba aliyeniuzia atanirudishia fedha zangu bila makelele, lakini sasa hapokei simu wala hajibu ujumbe, kwa hiyo nimeona nililete hapa ili wenzangu wasije wakaliwa fedha zao kama nilivyoliwa mimi. Simtaji kwa jina, kwa sababu mchezo huu hauchezwi na mtu mmoja, na ninachotaka kukomesha ni mchezo wenyewe.

Mimi ni fundi redio hapa Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya vali, yaani zile taa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za mbao kabla transista hazijachukua nafasi yake. Sikusanyi kwa ajili ya kupamba kabati. Wapo watu wanaoniletea redio za marehemu baba zao na kuomba zizungumze tena, na wapo wapiga gitaa ambao mpaka leo hawataki amplifaya nyingine yoyote isipokuwa ya vali. Kila vali nzima ninayoipata ina redio inayoisubiri mahali fulani.

Mwezi uliopita mzee mmoja aliyepiga gitaa katika bendi za dansi za mji huu, mji uliotoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, aliniletea amplifaya ya gitaa, Vox AC15, iliyokaa stoo kwa miaka mingi. Vali zake za kutoa sauti, EL84 mbili, bado zilikuwa na nguvu, ila zile ndogo za kukuza sauti ya gitaa, ECC83, zilikuwa zimechoka kabisa. Nikaona tangazo la muuzaji wa Dar es Salaam: ECC83 za Mullard, kampuni ya vali ya Uingereza, za miaka ya 1960, hazijawahi kutumika, zimepimwa. Bei ilikuwa shilingi 150,000 kwa moja. Nilinunua nne ili nibaki na akiba, nikatuma shilingi 600,000, na mzigo ukaja kwa basi ndani ya boksi la viatu, kila vali imeviringishwa kipande cha gazeti.

Nilipowasha amplifaya, mbili ziliwaka rangi ya chungwa kama inavyotakiwa. Nilipojaribu zile mbili nyingine, hazikuwaka. Nilizigusa baada ya dakika tano nikakuta kioo ni baridi kama chupa ya maji. Mwanzoni nilidhani soketi ina kutu, kwa kuwa hewa ya bahari hapa kwetu haina huruma na vyuma, nikasafisha, nikapima umeme, ukawepo. Ndipo nikaichukua moja na kuitazama vizuri chini ya taa. Katikati yake, baina ya zile anodi mbili, yaani mabati yanayopokea mkondo wa umeme ndani ya vali, kulikuwa na bati jembamba lililosimama wima kama ukuta. ECC83 haina bati hilo.

Nikaipulizia pumzi, kama mtu anavyopulizia kioo cha miwani. Ukungu ulipotanda, chini ya neno Mullard lililoandikwa kwa rangi nyeupe inayong'aa upya palijitokeza kivuli cha maandishi yaliyofutwa: 6H2, na kando yake ile herufi ya Kirusi iliyo kama fremu ya mlango. Hiyo ni 6N2P, vali ya Kisovieti. Ya pili nayo ilikuwa vivyo hivyo.

Kwa wasiofahamu, nieleze kwa nini hazikuwaka. ECC83 ina miguu tisa, na nyuzi zake za kupasha moto zinaanzia mguu wa 4 na wa 5 na kukutana kwenye mguu wa 9. Katika amplifaya nyingi za gitaa mguu wa 4 na wa 5 huunganishwa pamoja, na volti 6.3 hupita kati yao na mguu wa 9. Katika 6N2P, uzi wa kupasha unatoka mguu wa 4 kwenda wa 5 moja kwa moja, na ule wa 9 umeshikana na lile bati la katikati. Kwa hiyo ukiichomeka penye soketi ya ECC83 ya namna hiyo, uzi haupati umeme hata kidogo. Hapo mimi nina bahati. Ingekuwa kwenye kifaa kinachopitisha volti 12.6 kati ya mguu wa 4 na wa 5, uzi huo ungepewa mara mbili ya kiasi chake na ungekatika, na muuzaji angenijibu kwamba nimeiunguza mwenyewe.

Kinachonikera zaidi ni kwamba 6N2P si vali mbaya. Ukuzaji wake ni mara 100, sawa na ECC83, imejengwa imara, na fundi anayejua kubadilisha waya tatu kwenye soketi anaweza kuitumia kwa miaka. Ingeuzwa kwa jina lake na kwa bei yake ningeinunua bila kusita. Mtu amechukua kitu kizuri, amekifuta jina lake kwa dawa, amekibandika jina la kitu kingine, na kwa kitendo hicho amekifanya kisifae popote, kwa sababu anayekipokea hajui tena ni nini na atakitupa akidhani kimekufa.

Na zile mbili zilizowaka? Hizo zina jina la Mullard kihalali, ila ni mpya. Kampuni ya Kimarekani ya New Sensor ndiyo inayomiliki jina hilo kwa vali za leo, na hutengenezewa katika kiwanda cha Saratov, Urusi. Zinauzwa waziwazi kama vali mpya na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na mtu anayezitoa kwenye boksi lake, akazichafua kidogo, kisha akaniambia kwamba zimetoka Uingereza katika miaka ya 1960.

Najua yupo atakayeniambia kwamba hata zamani viwanda vilikuwa vikinunuliana vali na kuandikiana majina. Ni kweli. Unaweza kukuta vali yenye jina la kampuni moja iliyotoka kwenye kiwanda cha nyingine. Lakini viwanda vya kundi la Philips, Mullard ikiwemo, viliacha alama ya ukweli ambayo haifutiki kwa kidole: msimbo mdogo wa kijivu uliochomwa kwenye kioo chenyewe, pembeni karibu na miguu. Ninayo ECC83 moja iliyotoka kwenye redio ya hapa Tanga ambayo neno Mullard limeshafutika lote, maana rangi yao ilikuwa dhaifu na hutoka hata kwa jasho la vidole, lakini chini kabisa inasomeka I63, na chini yake B4C2. I63 ndiyo aina, ECC83. B ni kiwanda cha Blackburn, Lancashire. Tarakimu 4 ni mwaka 1964, C ni mwezi wa tatu, na 2 ni wiki ya pili. Kwa hiyo jina likiwa jipya na linang'aa huku msimbo haupo, usitoe fedha.

Halafu kuna hili neno "imepimwa". Imepimwa kwa kifaa gani, na imetoa ngapi? ECC83 nzima, ikipewa volti 250 kwenye anodi na hasi 2 kwenye gridi, yaani wavu unaodhibiti mkondo, inapitisha takriban miliampea 1.2. EL84 kwa volti 250 inapitisha miliampea 48. Mwenye kipimo cha kweli, kama zile AVO za Kiingereza, anaweza kuandika namba hizi kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya boksi, ni kazi ya dakika mbili. Aliyeniuzia mimi, nilipombana, alikiri kwamba alipima kwa mita ya kawaida kuona kama uzi haujakatika. Huko si kupima vali. Hata vali iliyokufa kwa uchovu uzi wake huwaka vizuri tu.

Mafundi wenzangu nao nina neno nanyi, kwa sababu vali nyingine tunaziua wenyewe. Kapasita ya karatasi inayopeleka sauti kwenye gridi ya EL84 ikizeeka huvujisha umeme, gridi inapata volti chanya, na vali inapitisha mkondo mpaka bati lake linakuwa jekundu kama mkaa. Nimeletewa redio tatu mwaka huu ambazo fundi ameweka EL84 nzima mahali pa iliyokufa bila kugusa kapasita hiyo ya shilingi chache. Badilisha kapasita kwanza, ndipo uweke vali.

Na wanunuzi wa chuma chakavu, tafadhali. Nilipita kwa mmoja nikakuta chasisi ya redio ya Philips imepasuliwa kwa ajili ya shaba ya transfoma, na pembeni yake, kwenye mchanga, vipande vya EM80, lile jicho la kijani lililokuwa likifumba ukiipata stesheni sawasawa. Ningemlipa kwa jicho hilo peke yake zaidi ya alichopata kwa shaba yote.

Nirudi kwa wauzaji. Ninachodai si kikubwa. Piga picha ya sehemu ya chini ya kioo, karibu na miguu, si ya jina peke yake. Piga nyingine ya lile doa la rangi ya fedha lililo juu, ndani ya kioo, kwa sababu likigeuka jeupe hewa imeshaingia na vali imekwisha. Andika namba za kipimo, au sema wazi kwamba hujapima. Usifute maandishi yoyote, hata kama huyaelewi. Na anayeuza 6N2P aiite 6N2P. Wateja wake tupo.

Mzee bado anaisubiri amplifaya yake, kwani anataka kuipiga kwenye harusi ya mjukuu wake. Nimemwekea zile mbili mpya ili apate mlio, na nimemweleza ukweli kuhusu zilikotoka. Zile mbili za Kisovieti nimezifuta neno Mullard kwa pamba na spiriti, nikaandika jina lao upya kwa kalamu ya wino mzito, nikaziweka kwenye boksi lao. Mwenye ECC83 za kweli, zenye msimbo unaosomeka, aniandikie hapa pamoja na picha na bei.