Kilomita 14,500 ni saa ngapi angani?

Dada, umeuliza: kutoka Perth, Australia, hadi London ni kilomita 14,500, basi mama atakaa kwenye ndege kwa muda gani? Nakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu msafiri ni mtu mzima, na ratiba yake ya dawa inategemea jibu hili.

Kilomita hizo ni za njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia. Ukizigawa kwa 900, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa, unapata saa 16. Lakini ndege ya moja kwa moja, iliyoanza mwaka 2018, huchukua saa 17 na ushee. Muda uliozidi unaliwa na kusubiri zamu ya kuruka, kukwepa anga zisizopitika, na zaidi ya yote upepo. Kule juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo mama atakwenda akipingana nao na kurudi akisukumwa. Anga nayo si ya kupuuza: tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti juu ya Urusi, na safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ya saa tisa na nusu hivi, sasa ni kama saa 13.

Sasa tiketi. Saa ya kuondoka ni ya Perth, ya kufika ni ya London. Tuseme imeandikwa 19:30, kufika 05:00 kesho yake. Kwa haraka utaona saa tisa na nusu. Ongeza tofauti ya saa 8 wakati wa baridi kule London, unapata 17 na nusu. Kiangazi London husogeza saa mbele, tofauti inakuwa 7. Kwa dawa, mama aache saa moja ya mkononi kwenye majira ya Perth mpaka atue, na daktari wake aulizwe mapema.

*Asante sana kaka. Na akibadilisha ndege njiani?*

Hapo kilomita hazikusaidii tena. Hesabu kuanzia anapoondoka nyumbani hadi anapopokelewa, na safari zote ziwe kwenye tiketi moja. Zikiwa tiketi mbili na ya kwanza ikachelewa, ya pili inaweza kupotea bila fidia, na mizigo huenda akalazimika kuichukua na kuikabidhi upya. Akipitia Marekani, hata kama anapita tu, atakaguliwa na uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza, kwa hiyo kibali cha kuingia ni lazima. Mimi kwa mzee nisingekubali nafasi ya chini ya saa tatu kati ya ndege na ndege. Na mwombee kiti cha magurudumu siku mbili kabla, hata kama anatembea vizuri: atasindikizwa hadi mlango wa ndege inayofuata.