Kituo chetu cha hali ya hewa Uporoto hakikuwa kibovu. Fundi alifunga programu hovyo, akafuta data, akatulipisha tena

Wakuu, naomba mnisome hadi mwisho, maana najua vikundi vingine huku Nyanda za Juu Kusini vimefungiwa mtambo huu huu na mtu huyu huyu. Huenda na nyie mmeshaambiwa tulichoambiwa sisi: kituo kimekufa, changeni mnunue kingine.

Hakijafa, na hakikuwahi kufa.

Sisi ni kikundi cha wakulima wa viazi mviringo Uporoto, huku juu ya barabara ya Tukuyu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Anayeujua ukanda huu anajua mvua ikianza Novemba haituachi mpaka Aprili au Mei, mawingu yanalala shambani mchana kweupe, na ugonjwa wa ukungu ukiingia kwenye viazi unaweza kusafisha shamba zima ndani ya wiki mbili. Dawa ya kukinga lazima iwe imeshakaa kwenye majani kabla ugonjwa haujaingia. Ukisubiri uone madoa meusi, umeshachelewa. Ukipiga kila wiki bila kujua hali ya hewa, unamwaga hela.

Ndiyo maana tulitaka kituo. Utabiri wa msimu wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) tunausikiliza na tunauheshimu, lakini unazungumzia mkoa na miezi, wakati sisi tunataka kujua saa ngapi unyevu ulikaa juu ya shamba letu jana usiku. Uingereza wana kigezo kinaitwa Hutton: siku mbili mfululizo, joto lisishuke chini ya nyuzi 10, na kila siku iwe na angalau saa 6 zenye unyevu wa asilimia 90 au zaidi. Hali hiyo ikitimia, mkulima anajua hatari imefika. Sasa niambieni, nani atakaa usiku kucha shambani akihesabu saa za unyevu? Kazi hiyo ni ya mashine, na mashine ikinyamaza usiku mmoja tu hesabu nzima imeharibika. Kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia nakuza mambo kwa sababu ya "vigrafu kwenye kompyuta". Kila mwanachama alichangia kutokana na magunia aliyouza, wengine wakiwa na ada za watoto mezani.

Kituo chenyewe ni zile za familia ya WH1080: vipima vya nje vinatuma vipimo kwa redio kila sekunde 48, kisanduku cha ndani chenye kioo kinavipokea, halafu waya wa USB unaenda kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye Linux. Programu inayosoma vipimo, kuvihifadhi na kutoa ukurasa ni WeeWX. Ni ya bure, imeandikwa kwa Python, na watu wengi duniani wanaitumia bila shida. Programu haina kosa hapa. Nasema mapema ili tusipotezeane muda.

Fundi alikuja, akafunga, akatuonyesha ukurasa una joto, mvua na upepo, tukapiga makofi, akalipwa. Umeme ulipokatika na kurudi, ukurasa ukaganda. Tukampigia. Akaja, akabonyezabonyeza, ukafanya kazi, ukaganda tena. Mara namba zipo, mara hakuna. Mwishowe akamwambia mwenyekiti wetu, mzee wa watu, kwamba kipima cha mgandamizo wa hewa kimeungua kwa sababu kinasoma 790 wakati kawaida ni 1013, na kwamba kifaa chote kimeathirika. Akalipwa tena kwa "uchunguzi" huo.

Hapo ndipo damu inanichemka. Jamani, 1013 ni mgandamizo wa usawa wa bahari! Nenda Tanga au Mtwara utaipata. Ukipanda mita 2,000 hewa inapungua, na mgandamizo halisi unashuka hadi karibu na hektopaskali 800, huku kwetu hata chini ya hapo kidogo. Kipima kilikuwa kinasema kweli tupu. WeeWX yenyewe ndiyo hubadilisha namba hiyo kuwa ya usawa wa bahari, lakini lazima uiambie uko mwinuko gani. Tulipofungua faili la `/etc/weewx/weewx.conf` tukakuta mwinuko umeandikwa sifuri. Mstari mmoja. Mtu ameshindwa kujaza mstari mmoja, akaenda kumhukumu Mungu aliyeweka milima Mbeya. Na latitudo ameandika bila alama ya kutoa, kana kwamba tuko kaskazini ya ikweta.

Aliyetufumbua macho ni kijana wa mwanachama mwenzetu anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Alichomoa memori kadi, akaichomeka kwenye laptopu yake ya Linux, na kila kitu kikawa wazi. Naandika alichokikuta, hatua kwa hatua, ili na nyie mkague kwenu.

WeeWX ilikuwa imefungwa mara mbili kwenye kompyuta moja. Nakala ya kwanza aliiweka kwa pip (kifungio cha programu za Python) ndani ya akaunti yake binafsi na kuiwasha kwa mkono kwenye dirisha la amri. Nakala ya namna hiyo, kompyuta ikizimika na yenyewe imekwenda. Aliporudi aliiwekea mstari wa `@reboot` kwenye crontab (orodha ya kazi za kujiwasha zenyewe), halafu bila kuiondoa akafunga nakala ya pili kwa apt, kifungio cha programu cha Linux yenyewe, na nakala hiyo huwashwa na mfumo wenyewe. Umeme ukirudi zote mbili zinaamka na kugombea waya mmoja wa USB. Inayowahi inasoma, inayochelewa inapata kosa namba 16, yaani kifaa kinatumika, na inakufa. Ndiyo maana siku nyingine ukurasa ulikuwa hai na siku nyingine mtupu. Kila nakala ina kanzidata yake, kwa hiyo vipimo vyetu vimegawanyika vipande vipande sehemu mbili. Kuona kama na kwenu ni hivyo, andikeni `ps aux | grep weewxd`. Mkiona mistari miwili ya programu hiyo (mstari wa grep wenyewe msiuhesabu), mmefungiwa kama sisi.

Kuna jingine. Tangu toleo la 5 lililotoka Januari 2024, WeeWX iliyofungwa kwa apt haiendeshwi tena na root, yaani mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote. Inaendeshwa na mtumiaji wake anayeitwa weewx, na hilo ni jambo jema kwa usalama. Fundi wetu alikuwa anafuata maelekezo ya zamani, kwani historia ya amri zake imejaa `wee_device` na `wee_config`, ambazo toleo la 5 limeziondoa na kuweka `weectl`. Kila alipokwama alitanguliza `sudo`, yaani kutoa amri kama root. Akaiwasha kwa mkono kama root, faili la kanzidata likazaliwa likiwa mali ya root, na baada ya hapo huduma halisi ikawa hairuhusiwi kuandika ndani yake. Logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu, ilikuwa inapiga kelele hiyo hiyo kila mara, `attempt to write a readonly database`. Ilikuwa hapo hapo kwenye `journalctl -u weewx`. Hakuisoma. Mtu anayejiita fundi wa Linux hafungui logi!

Dawa yake haikuhitaji hata senti. Tulisimamisha huduma, tukafuta ule mstari wa crontab, tukarudisha umiliki kwa `sudo chown -R weewx:weewx /var/lib/weewx`, tukajaza mwinuko na latitudo sahihi, tukabadilisha `polling_mode` (namna ya kukisoma kituo) iwe ADAPTIVE kwa sababu vituo vya aina hii vina ugonjwa unaojulikana wa USB kuganda vikisomwa wakati vyenyewe vinaandika, kisha tukawasha kwa `sudo systemctl enable --now weewx`. Namba zikaja. Mgandamizo ukasoma kama inavyotakiwa. Waliofunga kwa pip peke yake na wanapata kosa namba 13 wajue hilo ni la ruhusa: kanuni za udev, zinazoruhusu programu kugusa kifaa cha USB, hazijawekwa, ziwekwe, kisha waya uchomolewe na kuchomekwa upya. Na mkiandika `lsusb` mkaona 1941:8021 na jina la ajabu la kirusha makombora, msishtuke, namba hiyo inatumiwa pia na mwanasesere mmoja wa USB. Kituo chenu kinaonekana vizuri.

Suala la saa nalo asidanganywe mtu. Pi yetu, kama zote kabla ya Raspberry Pi 5, haina saa yake ya betri. Umeme ukirudi na mtandao haupo, inaamka ikiwa na saa iliyopitwa, na vipimo vinaandikwa kwa wakati ambao sio, au vinakataliwa kwa kuwa wakati huo tayari una vipimo vyake. Kisaa kidogo cha DS3231 kinamaliza tatizo. Tulimuuliza siku ya kwanza kama umeme kukatika kutaleta shida. Alisema haitaleta.

Haya yote ningeyameza. Uzembe upo kila mahali. Lakini kuna amri moja kwenye historia yake ambayo siwezi kuimeza: `weectl device --clear-memory`.

Kisanduku cha ndani kina kumbukumbu yake yenyewe inayobeba rekodi 4,080. Ukikiweka kirekodi kila dakika 5, hizo ni siku 14. Ukikiweka kila nusu saa, ni siku 85. Na WeeWX ikiwashwa ikiwa salama, inaangalia rekodi ya mwisho kwenye kanzidata na kuvuta kutoka kwenye kisanduku kila kilichokosekana. Yaani vipimo vya kuziba yale mapengo yetu ya Januari, mwezi ambao ukungu ulitupiga vibaya kuliko yote, vilikuwa vimekaa ndani ya kisanduku vikisubiri kuchukuliwa. Alikuta kosa asilolielewa, akaifuta kumbukumbu yote, halafu akamwambia mzee kifaa kimeungua. Hizo saa za unyevu hakuna atakayeturudishia. Tulipanga kuzilinganisha na tarehe tulizopiga dawa ili mwakani tujue tulipokosea, na wamama wawili kwenye kikundi walikuwa wameandika daftari la kupiga dawa siku kwa siku kwa ajili hiyo. Sasa daftari lipo, cha kulinganisha nacho hakipo.

Kwa hiyo nakuambia wewe fundi, na najua humu unapita: kikundi kinataka hela ya ule "uchunguzi" irudi yote, na utake usitake utakuja mbele ya mkutano wa wanachama umweleze mwenyekiti kwamba kipima hakikuungua. Umweleze wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Tumeshaandika barua na historia ya amri zako tumeichapa, iko kwenye jalada la kikundi.

Na wenzangu wa Umalila, Ileje, Makete, Njombe na kwingine mliofungiwa naye: akiwaambia kituo kimekufa, msimwache aguse kompyuta wala kisanduku. Zimeni Pi, chomoeni memori kadi, nakilini kadi nzima kwenye kompyuta nyingine. Kisanduku kiacheni na betri zake, kitaendelea kurekodi chenyewe hata waya wa USB ukiwa umechomolewa. Kisha wekeni hapa logi zenu na aina ya kituo, tutazisoma pamoja na huyo kijana, bure.