Makanisa ya zege ya Gottfried Böhm: yatengenezwe, yauzwe au yavunjwe?

Mzee wa Ramani

Wakuu, naomba tuliweke hili mezani. Gottfried Böhm, msanifu majengo wa Ujerumani, alizaliwa Offenbach mwaka 1920 na kufariki Köln Juni 2021, akiwa na miaka 101. Baba yake, Dominikus, ndiye aliyejenga St. Engelbert huko Riehl, Köln (1930–32), kanisa ambalo wenyeji waliliita kwa utani "kikamulio cha ndimu". Watatu kati ya wanawe nao ni wasanifu majengo. Mwaka 1986 akawa Mjerumani wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo. Ukimtaja, watu hutaja kwanza kanisa la hija la Maria Malkia wa Amani kule Neviges, mji mdogo kati ya Wuppertal na Essen, lililowekwa wakfu Mei 1968. Katika jimbo kuu la Köln, ni kanisa kuu la Köln pekee linalolizidi ukubwa.

Sasa shida. Paa lake lilianza kuvuja mapema, likapakwa, likavuja tena, na juzi juzi likafanyiwa ukarabati mzito. Makanisa mengine ya Böhm ya miaka ya 1950 na 1960 yanazeeka kwa pamoja. Huku nyuma Wakatoliki 522,821 walijitoa rasmi kanisani Ujerumani katika mwaka mmoja tu, 2022, na kila anayetoka anaondoka na kodi yake ya kanisa, ambayo pande za Köln ni asilimia 9 ya kodi ya mapato. Fedha zinapungua, zege linazidi kuzeeka.

Msimamo wangu: Neviges lihudumiwe. Yale ya parokia yapimwe moja moja, yasibebwe yote kwa sababu ya jina la aliyeyachora.

Nondo Kumi na Mbili

Mzee, wewe umeanza na tuzo, mimi naanza na paa. Lile paa ni mikunjo ya zege tupu. Hakuna vigae, hakuna bati, hakuna lami. Zege hilohilo ndilo ukuta, ndilo dari, ndilo la kuzuia mvua. Na zege hupasuka, hakuna asiyejua. Likikauka linasinyaa. Jua likichoma upande wa kusini wakati upande wa kaskazini umepoa, pande hizo zinavutana, na mahali pa kuachia ni kwenye mikunjo.

Ufa wa milimita 0.1 haunisumbui, mara nyingi hujiziba kwa chokaa yake yenyewe. Ukifika 0.3 maji yanapita, na yakipita yanafuata nondo. Zege zima lina pH (kipimo cha alkali) ya 12 hadi 13, na humo nondo haishiki kutu. Hewa ukaa ikipenya miaka na miaka, pH inashuka chini ya 9 na kinga inakwisha. Kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo zege la juu linasukumwa na kubanduka. Enzi zile nondo zilifunikwa kwa sentimita 1 au 2 tu. Leo kwa uso wa nje tunadai 3.5 hadi 4. Pale biskuti za kuinulia nondo ziliposogea wakati wa kumimina, hata hiyo moja haipo.

Kwa hiyo swali langu ni jepesi: msanifu akiacha tabaka la kuzuia maji kwa ajili ya sura, kwa nini bili aletewe muumini?

Zege Halisi

Nondo, kwenye fizikia yako sina ugomvi. Napinga hukumu.

Kwanza, imani kwamba zege lililoshindiliwa vizuri litajizuia maji lenyewe haikuwa ya Böhm peke yake. Ilikuwa imani ya kizazi kizima cha wahandisi. Pili, kilichoumiza zaidi ni dawa ya kwanza. Miaka ya 1980 paa lilipakwa epoksi, aina ya plastiki ya kupaka. Epoksi ni ngumu na haivutiki. Ufa wa paa hautulii: unafunguka usiku wa baridi, unafunga mchana wa joto. Ukiufunika kwa ngozi isiyonyumbuka, ngozi inapasuka palepale. Tena maji yaliyokwisha kuingia hayana pa kutokea. Yanasukuma rangi kutoka chini, inatoa malengelenge, inabanduka. Anayeangalia kutoka barabarani anaona paa "limetibiwa" kumbe linaoza chini ya plasta.

Ukarabati wa karibuni, ulioongozwa na mwanawe Peter Böhm pamoja na watafiti wa chuo kikuu cha RWTH Aachen, ulienda njia nyingine: mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) ya kupuliza yenye wavu wa nyuzi za kaboni. Kazi ya aina hii huenda hivi. Mipako ya zamani inatolewa yote, uso unachimbwa mpaka kokoto zionekane, maana mota haishiki juu ya vumbi wala juu ya epoksi. Sehemu zilizobanduka zinafunguliwa, nondo inasafishwa kutu, shimo linajazwa. Kisha uso unalowanishwa mpaka ushibe maji, lakini usiwe unang'aa. Ukiwa mkavu utanyonya maji ya mota, ukiwa na dimbwi mota itateleza. Inapulizwa tabaka ya kwanza, wavu unakandamizwa ndani yake ingali mbichi, inapulizwa ya pili. Baada ya hapo ni kufunika na kulowesha kwa siku kadhaa. Wakandarasi wengi huharibu hapa: upepo ukikausha mota ya unene huu siku ya kwanza, umejipatia nyufa mpya kwa pesa zako.

Kaboni haishiki kutu, kwa hiyo haihitaji kufunikwa sana. Tabaka zima ni sentimita 3 na kitu. Ungeweka nondo ungetaka 7 au 8. Halafu wavu hauzuii ufa, unaugawa: mahali pa ufa mmoja mpana unapata nyufa nyingi za unywele ambazo maji hayapiti.

Uzito? Chukua milimita 35 kwa kilo 2,200 za mita ya ujazo: kilo 77 kwa mita ya mraba. Paa lina takriban mita za mraba 2,700, yaani tani 208 hivi. Jengo zima lilimeza mita za ujazo 7,500 za zege, kama tani 18,000. Umeongeza asilimia moja na ushee.

Kibarua Mwandamizi

Yote hayo ya nini? Lifunikeni kwa mabati ya risasi, kazi imekwisha. Risasi ya milimita 2 ni kilo 23 kwa mita ya mraba, nyepesi kuliko mota yenu mara tatu. Makanisa ya Ulaya yamefunikwa hivyo kwa karne nyingi.

Mzee wa Ramani

Kibarua, yamefunikwa hivyo juu ya mbao, si juu ya zege. Risasi iliyolazwa kwenye zege lenye unyevunyevu inaliwa kutoka chini, kwa sababu ya alkali na ya umande unaoganda upande usioonekana. Utalazimika kuweka kitenganishi, fito, na nafasi ya hewa. Risasi pia hutanuka sana kwa joto na huteleza pole pole kwa uzito wake, kwa hiyo unaikata vipande vidogo na kuvikunja maungio kila baada ya hatua. Kwenye miteremko mikali kama ile, yenye pembe zisizolingana hata mbili, maungio yatakuwa maelfu, na kila ungio ni mlango wa maji.

Na kuna jambo la sura, hata kama Nondo atacheka. Lile jengo ni mwamba mmoja, ukuta unapanda mpaka unakuwa paa bila mstari wa kuwatenganisha. Inasimuliwa kwamba Kardinali Josef Frings, aliyekuwa karibu kupofuka, aliipapasa modeli kwa mikono ndipo akaikubali. Ukilivisha mabati umebaki na kofia juu ya kuta.

Nondo Kumi na Mbili

Sicheki. Lakini Zege Halisi, tumia namba zako zote. Chuma kilichoingia ni tani 510. Gawanya kwa 7,500: kilo 68 kwa mita ya ujazo. Kwa jengo linalotegemea mikunjo na kutanda wazi bila nguzo, hiyo si nyingi. Nondo chache maana yake nyufa chache lakini pana. Kasoro ilikuwa kwenye mchoro, haikuja na uzee.

Zege Halisi

Wastani hausemi chuma kimelazwa wapi. Kuta nene na misingi hula zege jingi kwa chuma kidogo, na zinashusha wastani wa jengo zima. Kwa paa peke yake namba hiyo haikupi hukumu. Ungetaka kujua, unapitisha kifaa cha kutafutia nondo juu ya uso, unatoboa vipande vya mfano, unanyunyizia fenolfutalini, dawa inayobadilika rangi penye alkali, palipovunjwa hivi punde. Pakiwa waridi, alkali ipo. Pakibaki bila rangi, kinga imekwisha. Unalinganisha kina hicho na kina cha nondo. Hapo ndipo unajua kama unatengeneza uso au unaokoa muundo.

Na kuna kejeli moja naipenda: mwishoni mwa miaka ya 1940 Böhm huyuhuyu alikuwa akijaribu dari nyembamba za wavu ulioning'inizwa na kumwagiwa zege. Paa lake limeokolewa na jamaa wa wazo lake la ujana.

Mhudumu wa Sakristia

Mnaongea kama hakuna anayesali mle. Neviges limejengwa kwa hija, na hija ya Neviges inatoka karne ya 17. Njia ya mahujaji inapanda kwa ngazi kando ya nyumba ya wageni, inaingia mlangoni, na matofali ya sakafu yanaendelea ndani. Ndani kuna taa kama za barabarani, roshani kama za nyumba zinazozunguka uwanja, na vioo vyenye waridi alivyovichora Böhm mwenyewe. Viti ni kama 800, lakini jengo linapokea maelfu waliosimama. Huwezi kulipima kwa idadi ya watu wa Misa ya Jumapili ya Januari.

Wafransisko, waliofika huko karne hiyohiyo ya 17, waliondoka mwaka 2020, na mapadre wa Communauté Saint-Martin kutoka Ufaransa wakaingia mwaka huohuo. Nyumba ina wenyewe. Hoja ya kuvunja hapo haina mguu.

Kwa parokia ni habari nyingine. St. Ursula ya Hürth-Kalscheuren, kazi ya Böhm ya katikati ya miaka ya 1950, iliondolewa wakfu 2006 na baadaye ikawa ukumbi wa sanaa. Umbo la jengo lipo, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Kibarua Mwandamizi

Na lile la Köln, Kolumba?

Mhudumu wa Sakristia

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi na neno "kuhifadhi". Kanisa la St. Kolumba liliangushwa na mabomu ya vita, sanamu ya Bikira Maria ikabaki imesimama. Böhm akaijengea kikanisa cha pembe nane kwenye vifusi, 1949–50, kikitegemea mwanga wa jua kupita kwenye vioo. Mwaka 2007 jumba la makumbusho la msanifu Peter Zumthor likafunguliwa, likiwa limekizingira chote. Watu husali humo mpaka leo. Lakini jua halikifikii tena kama zamani, na Böhm alilalamika waziwazi. Kikanisa hakikuvunjwa, ni kweli. Kimehifadhiwa?

Nondo Kumi na Mbili

Ujerumani si mgeni wa kuvunja. St. Lambertus ya Immerath ilibomolewa Januari 2018 kupisha mgodi wa makaa. Na matumizi mapya yapo mengi: St. Josef ya Aachen imekuwa mahali pa kuhifadhia majivu ya marehemu tangu 2006, St. Peter ya Mönchengladbach ni ukumbi wa kukwea kuta.

Kinachonishinda ni joto. Kuta hizi ni zege moja bila kihami cha kuzuia joto lisitoke. Ukihami kwa ndani unazika zege ambalo ndilo sababu ya kulitunza jengo. Ukihami kwa nje, mikunjo inapotea. Usipohami, unachoma gesi kupasha mji.

Zege Halisi

Usipashe hewa yote. Kanisa la namna hii huachwa kwenye nyuzi 8 hadi 12, likipandishwa si zaidi ya nyuzi 1 kwa saa, la sivyo mbao za kinanda zinapasuka na umande unatua kwenye kuta baridi na kuleta ukungu. Unapasha viti au mahali watu wanapokaa. Waumini 40 hawahitaji ukumbi wenye kimo cha zaidi ya mita 30 uwe na joto la sebuleni. Wavae makoti, au wasali kikanisa cha pembeni hadi Pasaka.

Mzee wa Ramani

Kabla hamjauza, kumbukeni haki ya mbunifu. Kwa sheria ya Ujerumani inadumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo ya Böhm inakwisha mwishoni mwa 2091. Mnunuzi hawezi kukata madirisha na kuongeza ghorofa apendavyo. Warithi wanaweza kupinga kuharibiwa kwa kazi. Cha ajabu, kuzuia kuvunja jengo lote ni kugumu kwao zaidi kuliko kuzuia kulibadilisha, kwa sababu mahakama hupima maslahi ya mwenye mali. Hapo ndipo ulinzi wa majengo ya kumbukumbu unapohitajika.

Nondo Kumi na Mbili

Haya, nisogee nusu hatua. Kuvunja Neviges ni tani 18,000. Kwa lori la tani 25 ni safari 720 kupitia mitaa ya mji mdogo, mbali na kutenganisha chuma. Hesabu hiyo peke yake inanyamazisha wanaosema kubomoa ni rahisi. Lakini kwa makanisa ya parokia bado nasema: kabla ya kutangaza harambee ya paa, jimbo lionyeshe kwanza kitabu cha ukaguzi. Nani alipanda kusafisha mifereji, lini, na nyufa zilipimwa upana gani. Kama kitabu hicho hakipo, fedha ya kwanza iende kwa mtu wa ngazi na kipima ufa, si kwa mkandarasi wa kaboni.

Zege Halisi

Hapo tuko pamoja. Kila vuli baada ya majani kuanguka, mifereji. Kila mwaka, kutazama kwa macho na kugonga kwa nyundo penye madoa. Panapolia kama debe tupu, zege limeachana na nondo. Kila miaka mitano au sita, mhandisi kwa karibu, mkono juu ya zege. Na alama za vioo vibandikwe juu ya nyufa kubwa, zisomwe Januari na Julai, maana ufa uliopimwa msimu mmoja tu haukwambii kama unatembea.