Naombeni ushauri: wazazi na mfadhili wanataka niingize vijeba (waliozidi umri) kwenye timu ya watoto U13

Kocha wa Vumbini

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo linaninyima usingizi kabisa.

Mi nafundisha timu ya watoto huku Mbagala, chini ya miaka 13. Uwanja wetu ni wa vumbi, mipira michache, bipsi tumeshonewa na mama mmoja wa hapa hapa mtaani. Hawa madogo nimekaa nao tangu wanacheza chandimu, sasa hivi wanaanza mpira kwa kipa, wanapigiana pasi mpaka wapita njia wanasimama kuangalia, na hicho ndo kitu kinachonitoa nyumbani kila jioni nikitoka kibaruani.

Sasa Jumapili tulikuwa na bonanza, nusu fainali tukapigwa 6-0. Wenzetu walileta vijeba. Sisemi kwa sababu tumefungwa, beki wao wa kati sauti imeshakuwa nzito, kidevuni ameshaanza kunyoa, akipiga mpira wa goli unavuka nusu ya uwanja. Niliomba vyeti vya kuzaliwa kabla ya mechi nikaambiwa kocha acha watoto wacheze. Mapumziko ilikuwa 2-0 na tulikuwa bado tunacheza mpira wetu, kipindi cha pili madogo wakaanza kuogopa kugombea mpira, na mtoto akishaogopa hata pasi ya mita tano haifiki. Nina winga wa kushoto, mdogo kuliko wote kwa umbo, alipigwa bega akaenda chini, soli ya kiatu ikafunguka kwa mbele. Nikamwambia pumzika akakataa, akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli akaifunga ile soli akarudi ndani, akampiga tobo, mpira katikati ya miguu, yule yule beki aliyemwangusha.

Baada ya mechi mfadhili wetu (ndo aliyenunua jezi) na wazazi kadhaa wakaniita pembeni. Wanataka mambo matatu. Kwanza niongeze vijana watatu wa sekondari ambao mtaa mzima unajua wana miaka 15 au 16, eti vyeti vitapatikana. Pili yule winga akae benchi mpaka akue. Tatu tuache kuanza mpira nyuma, kipa abutue tu mbele. Mwezi ujao kuna mashindano mengine na wanasema skauti (mtafuta vipaji) atakuja, nikikataa jezi zinarudi na timu anapewa mtu mwingine.

Nifanyeje wakuu? Nikigoma madogo wanaweza kubaki bila timu. Nikikubali sijui nitawaangalia vipi. Nawasilisha.

Mnyama Damu

Pole sana kocha. Mi nakwambia kama ndugu, mpira wa mchangani kila mtu anachezesha vijeba, ukikataa peke yako utakuwa unapigwa sita kila wiki na madogo wenyewe watachoka, mtoto gani anapenda kufungwa kila siku? Mfadhili kupatikana ni kazi. Kubali wawili, cheza hayo mashindano, skauti aone timu imefika fainali, alafu baadae utarudi kwenye falsafa yako.

Namba Sita Mstaafu

Mnyama Damu nakuheshimu ila hapo sikubaliani na wewe kabisa. Hao vijeba wawili wakiingia wanatoka watoto wawili waliokuwa wanakuja mazoezini kila jioni, na skauti akija atawaona nani? Atawaona hao hao vijeba, akiuliza umri anadanganywa, anaondoka na mtu wa miaka 16 akidhani ana 13, na miaka mitatu mbele huyo kijana anaonekana wa kawaida tu kwa sababu kilichokuwa kinambeba ni mwili.

Na nchi hii tumeshaumia na hili jambo. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U17, ilifuzu fainali za Afrika za vijana za 2005 kule Gambia ikaondolewa kwa ajili ya umri, nafasi wakapewa Zimbabwe. Kizazi kizima kilikosa mashindano. Alafu angalieni upande wa pili, fainali za 2017 Gabon sisi tuliingia kwa sababu Congo Brazzaville waliokuwa wametutoa waliondolewa, kulikuwa na mchezaji wao umri una mashaka na hakuletwa kwenye kipimo cha MRI. Tukaenda Gabon, sare ya 0-0 na Mali ambao ndo walikuja kuwa mabingwa, tukawafunga Angola 2-1, tukafungwa na Niger 1-0 tukabaki nje kwa matokeo ya sisi na wao, pointi tulikuwa sawa. Sare tu pale tungeenda Kombe la Dunia India. Nahodha wa ile timu ni Dickson Job, leo yuko Yanga na Taifa Stars. Huyo ni matunda ya timu ya umri halali.

Hiyo MRI kwa wasioijua, FIFA walianza kuitumia Kombe la Dunia la U17 la 2009 Nigeria, wanaangalia mfupa wa kifundo cha mkono, ile sehemu ya ukuaji ikishaungana kabisa basi ni nadra sana kijana awe chini ya 17. Kwahiyo cheti cha kutengeneza kitampitisha bonanza la Mbagala, kule mbele mfupa utasema ukweli.

Mama Wawili

Kaka kocha hongera kwa kazi unayofanya, Mungu akubariki. Mi si mtaalamu wa mpira, naongea kama mzazi. Mwanangu aligongana na kijana mkubwa kwenye mechi kama hiyo, akavunjika mkono, alikaa na plasta likizo nzima, na mpaka leo mkono umepona lakini uwanjani hataki kurudi, anacheza hapa uani na mdogo wake basi. Hao wazazi wanaotaka vijeba wameuliza watoto wao watakuwa wanafanya mazoezi na nani kila siku? Vijeba watakuwa wanawagonga wa kwenu wenyewe hapo mazoezini kabla hata ya kufika kwa mpinzani.

Ushauri wangu itisha kikao na wamama waje. Mara nyingi wanaokuja kwenye mechi ni wababa na kelele zao, mama wa yule winga hajui hata kama mwanae anataka kuwekwa benchi.

Kocha wa Vumbini

Asante sana mama, hilo la kikao sikuwa nimelifikiria, kweli walioniita pembeni walikuwa wanaume watupu. Namba Sita nimekuelewa. Mnyama Damu nakuelewa pia mkuu, usidhani nakupuuza, hofu yako ndo hofu yangu.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa

Kocha nakusalimu kutoka Mwanza, nafundisha watoto pia, shule ya msingi na timu ya mtaa, UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) naijua vizuri na kesi za vyeti nimeziona mpaka nimezoea. Ngoja niongelee upande wa uwanjani maana naona hapo ndo hapajaguswa.

Yule winga USIMWEKE BENCHI. Umri wa miaka 12, 13, 14 watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja, mmoja wao anaweza kuonekana kijana na mwingine mtoto kabisa, ni mwili tu umewahi au umechelewa. Aliyewahi anashinda kwa mbio na nguvu, kwahiyo hana sababu ya kujifunza kuangalia pembeni kabla mpira haujamfikia. Aliyechelewa analazimika kufikiri haraka, kugusa mara moja, kuficha mpira kwa mwili. Akija kukua anakuwa na vyote. Uingereza kuna akademi siku nyingine zinawapanga watoto kwa kiwango cha ukuaji wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa, kusudi wadogo wapate nafasi ya kuonyesha na wakubwa wanyimwe ubabe wa bure. Job aliyetajwa hapo juu siyo mrefu kwa beki wa kati, anaishi kwa kusoma mchezo. Kante yule kiungo wa Ufaransa alikaa timu ndogo ya Suresnes mpaka miaka 19 watu wanamuona mdogo, akaja kubeba ligi ya Uingereza na Leicester 2016 na Kombe la Dunia 2018.

La kipa kubutua pia usikubali ila usiwe mbishi kupita kiasi. Uwanja wa vumbi wenye mashimo mpira unadunda vibaya, wafundishe waangalie: kama wapinzani wamejaa mbele ya boksi kipa apige mrefu kwa winga, kama kuna nafasi aanze fupi. Uamuzi uwe wa kwake kipa. Ukimpigia kelele kila mara "butua" au kila mara "anza fupi" hajifunzi chochote.

Mazoezini punguza ile mechi kubwa ya 11 kwa 11, gawa uwanja vipande, wacheze wanne kwa wanne na magoli ya mawe. Kwenye uwanja mkubwa mtoto anaweza kukaa dakika tano hajagusa mpira, kwenye wanne kwa wanne anaugusa muda wote, anakaba, anapiga, anakosea anarudia. Na tafuta mipira ya saizi namba 4, hiyo namba 5 tunayowapa watoto wa miaka 10 ni mizito, ndo maana wanapiga kwa kidole.

Ubelgiji walivyovurunda Euro 2000 nyumbani kwao walikaa chini wakabadilisha soka la watoto, wale wadogo kabisa wakaondolewa msimamo wa ligi, wakawekwa wachache wachache kwenye viwanja vidogo. 2018 wakawa wa tatu wa dunia. Nchi ile ile ndo Samatta wetu alikwenda kufunga mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19 akiwa Genk na kubeba ubingwa.

Mwananchi wa Jangwani

Mwalimu maneno mazuri ila naomba niweke pingamizi kidogo. Tusiwafiche watoto kwenye mambo ya "matokeo si muhimu". Nakumbuka AFCON ya U17 2019 hapa hapa Dar, tulifunga mabao manne kwa Nigeria tukafungwa matano, alafu Uganda 3-0, Angola 4-2, jumla mabao 12 mechi tatu na tulikuwa nyumbani! Kelvin John na wenzake walikuwa na vipaji hamna ubishi, ila kukaba ilikuwa shida. Tunafundisha watoto chenga na tobo, nani anawafundisha kukaba? Kocha umesema mlipigwa sita, je magoli yaliingiaje? Kama manne ni ya kona na mipira mirefu basi hata bila vijeba ungefungwa.

Kocha wa Vumbini

Mwananchi swali zuri. Mawili yalikuwa kona, mawili mipira mirefu nyuma ya mabeki, moja penalti, la mwisho madogo walikuwa wameshasimama. Kweli mipira mirefu beki zangu wanaangalia mpira wanamsahau mtu.

Mwananchi wa Jangwani

Basi hapo una kazi ya wiki mbili tatu hapo hapo. Mpira ukiwa mrefu beki mmoja aende, mwingine ashuke nyuma yake amfunike, wasiende wote wawili. Kona mtoto mdogo hamshindi kijeba hewani kwahiyo asiruke naye, asimame mbele yake amzuie kukimbilia mpira, na kipa afundishwe kutoka mapema. Vijeba sikuungi mkono, niliwahi kukaa benchi nikiwa mdogo kwa ajili yao najua inavyouma.

Mtu wa Makaratasi

Naongezea kitu ambacho mfadhili anaweza kukielewa haraka maana ni hela. Kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda nchi nyingine akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza 12 mpaka 23. Dogo akija kuuzwa kwa euro 1,000,000, hiyo asilimia 5 ni euro 50,000, na klabu iliyokuwa naye misimu minne ile ya miaka 12 hadi 15 inapata euro 10,000. LAKINI klabu lazima iwe imesajiliwa chini ya chama cha mpira na mchezaji awe ameandikishwa kwa majina na tarehe zake za kweli. Ukichezea tarehe za watoto umejifungia mlango mwenyewe. Mwambie mfadhili hela ya kutafutia vyeti vya uongo aiweke kwenye usajili wa timu.

Na huyo skauti, muwe macho. Akianza kuomba wazazi hela ya pasipoti, hela ya majaribio Ulaya, kimbieni. Mtoto chini ya 18 haruhusiwi kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache sana, mfano wazazi wamehamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Skauti wa kweli wa akademi ya hapa nyumbani atauliza cheti cha kuzaliwa cha RITA, shule anayosoma na namba ya mzazi.

Mnyama Damu

Mtu wa Makaratasi hapo kwenye usajili umenigusa, hilo sikulijua. Kocha naondoa ile ya kukubali wawili. Ila jezi zikirudi watoto watavaa nini? Hilo lazima lijibiwe.

Namba Sita Mstaafu

Tutachanga humu. Mi natoa jezi za juu seti moja, ziko hapa Tandika, rangi ya kijani zimefifia ila nzima.

Mnyama Damu

Mi Simba, kijani ya Yanga inanichoma roho lakini sawa 😅 mi natoa mipira miwili namba 4.

Kocha wa Vumbini

Wakuu sijui niseme nini, Mungu awalipe. Nimeshaongea na mama wa winga na wamama wengine wanne, kikao Jumamosi saa kumi jioni pale pale uwanjani, mfadhili nimemwalika kwa heshima zote maana jezi alinunua kwa moyo. Nitaenda na daftari la majina na nakala za vyeti vya watoto wote, nimweleze hiyo hesabu ya usajili. Akibaki nasi nitafurahi sana. Akiondoka, vijeba hawaingii na winga anaanza.

Mwalimu naomba unielekeze na mazoezi ya kipa kutoka kwenye kona, wangu ana miaka 12 anaganda mstarini.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa

Anza bila mpinzani. Mrushie kwa mkono kutoka pembeni, mpira wa juu na wa polepole, kazi yake apige kelele "wangu!" kabla hajatoka, audake kwa mikono miwili goti moja likiwa juu. Akizoea weka mtoto mmoja amsimamie tu bila kuruka, alafu wawili. Kelele hiyo usiikose hata siku moja, mabeki wakiisikia wanampisha. Kukiwa na umati acha kudaka, apige ngumi kwenda pembeni. Nitumie namba inbox nikurekodie video ya wa kwangu, na viatu vya winga niambie saizi.

Kocha wa Vumbini

Saizi 36 mwalimu. Namba nimeshakutumia.