Tupeane uzoefu: pancha inayorudi baada ya kuzibwa, chanzo ulikigunduaje?

Mwendapole
Wakuu, jana nimemkuta kijana kando ya barabara amepindua baiskeli, anaziba pancha. Kiraka kimekaa vizuri kabisa. Nikamuuliza, kilichotoboa umekiona? Akaniangalia tu, akarudisha tyubu, akajaza upepo, akapanda. Hakufika mbali.

Kuziba wengi tunajua. Kumtafuta aliyetoboa ndiko kunakotushinda. Naomba kila aliyewahi kuteswa na pancha isiyoisha aeleze alivyokinasa chanzo, maana hapa kuna watu wamesukuma baiskeli masafa marefu bila sababu.

Naanza mimi. Gurudumu langu la nyuma lilikuwa linatoboka upande wa ndani wa tyubu, ule unaolalia rimu, siyo unaotazama barabara. Tairi nikalikagua kote, safi. Siku niliyovua ule utepe unaofunika vichwa vya spoki ndipo nikaona: kuna spoki ilikuwa imebadilishwa, mpya ikawa ndefu kuliko wenzake, na ilipokazwa ncha ikachomoza juu ya kichwa chake. Nikaipiga tupa mpaka ikalala sawa, nikaweka utepe mpya. Pancha ikakoma.

KirakaHalisi
Umenena mkuu. Tundu likiwa upande wa rimu, achana na miiba.

TairiJembamba
Kwangu ilikuwa mipasuko miwili midogo, imekaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Nilimpelekea fundi, akapekua tairi, akatikisa kichwa, akasema ni kioo. Kioo hakitoboi hivyo. Gurudumu likipiga shimo au jiwe wakati upepo ni mdogo, tairi linabonyea hadi chini na tyubu inabanwa kwenye kingo za rimu, moja kushoto, moja kulia. Kwa hiyo hata ukikesha unapekua tairi hutaona kitu, kwa sababu hakuna kilichoingia. Dawa ni upepo wa kutosha. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango, kisome, hasa ukiwa unabeba mzigo nyuma.

Upepo Mwingi
Kiwango cha nini? Bonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakidanganyi.

TairiJembamba
Kinadanganya ndugu yangu. Tairi lenye ubavu mgumu linakataa kubonyea hata upepo ukiwa umepungua sana. Na tairi jembamba linahitaji upepo mwingi kuliko nene, kidole hakikupi tofauti hiyo. Tumia pampu yenye geji, hata ya kuazima.

Upepo Mwingi
Wewe una geji, sisi tuna vidole na tunafika.

Mama Pacha
Jamani, mada ni chanzo cha pancha. Mimi nataka kusema kitu ambacho watu wanakiruka: kabla hujachomoa tyubu, weka alama. Chukua chaki au kalamu, chora mstari kwenye tairi pale vali ilipo, na uweke alama ubavu mmoja wa tyubu ujue upi ulikuwa kushoto. Ukishapata tundu, unailaza tyubu juu ya tairi vilevile ilivyokaa, na tundu linakuelekeza sehemu ya kupekua. Bila alama ya ubavu utabaki na sehemu mbili za kushuku, moja kila upande wa vali, kwa umbali uleule. Hizo mbili bado ni nafuu kuliko kupapasa tairi zima.

Spoki36
Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi wanafunga tairi maandishi yakiwa yameelekeana na vali. Watu wanadhani ni urembo.

Mbeba Kasha
Mama Pacha umenigusa. Alama hiyo ndiyo iliyoniokoa siku ambayo hata leo nikiikumbuka tumbo linanikaza.

Nilikuwa najitolea kupeleka chanjo za watoto kwa baiskeli, njia isiyopitika kwa gari. Kasha la baridi nimelifunga kwenye keria, ndani kuna barafu na kipimajoto. Chanjo zile zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto nguvu inapungua, na ziko ambazo zikiganda zinaharibika kabisa. Kwa hiyo ukiwa njiani hujisikii una mzigo, unajisikia umebeba muda.

Katikati ya njia, pasipo na nyumba, gurudumu la nyuma likalala. Tyubu ile ilikuwa imetoka kuzibwa na fundi. Nikashusha kasha, nikaliweka kivulini, nikachomoa tyubu, nikaijaza upepo, nikaisogeza karibu na mdomo mpaka nikausikia upepo unanigusa. Tundu dogo mno, upande wa barabara. Nikapiga msasa, nikapaka solusheni, nikasubiri, nikabandika. Nikapitisha vidole ndani ya tairi taratibu, duru nzima. Hakuna kitu. Nikafunga, nikapanda, sikumaliza hata kilima cha kwanza, gurudumu likalala tena.

Hapo jua limeshapanda. Kivuli cha kuweka kasha hakuna. Nilivua shati nikalifunika. Nilitetemeka mikono, nakiri, kwa sababu najua kuna kina mama wametembea na watoto mgongoni wananisubiri upande wa pili, na kasha likipoteza baridi wanarudi nao hivyo hivyo. Nikajilazimisha kutulia. Safari hii sikukimbilia kuziba. Nililaza tyubu juu ya tairi, vali kwa vali, upande kwa upande. Nikaona kiraka cha fundi, kiraka changu na tundu jipya vyote vimejikusanya sehemu moja, hata upana wa kiganja haukufika. Kitu kile hakikuwa barabarani tena, kilikuwa nakwenda nacho.

Lakini kidole hakikioni! Ndipo nikalikunja tairi sehemu ile, nikaligeuza ndani nje, nikalikandamiza kwa goti. Ikachungulia ncha ya waya mwembamba kuliko sindano. Nikiachia tairi, inazama kwenye mpira. Nikikunja, inatoka. Kumbe nikikaa juu ya baiskeli uzito wangu na wa kasha unafanya vilevile, unaisukuma ndani. Ni zile nyuzi za chuma zinazotoka kwenye matairi ya magari makubwa yakichakaa, zimejaa kando ya barabara kuu. Nikaing'oa kwa kikatia kucha, nikaziba, nikafunga, nikapanda.

KirakaHalisi
Ikawaje? Mbona unaishia hapo!

Binti Mnyororo
Chanjo zilipona?? Tafadhali rudi umalizie kaka.

Upepo Mwingi
Pole sana mkuu. Ila mtu aliyebeba kitu nyeti hivyo anatakiwa awe na tyubu ya akiba. Unachomoa mbovu, unaweka mpya, dakika chache umeondoka.

Spoki36
Umesoma lakini? Tyubu mpya ingechomwa na waya uleule, kwenye sehemu ileile. Angeharibu tyubu nzima mpya halafu akabaki bila kitu.

Upepo Mwingi
Sawa, lakini akiba ni akiba.

Mama Pacha
Akiba aweke, na tairi apekue. Hamgombani kwa lolote hapa.

Mbeba Kasha
Samahanini, nilikuwa nimetoka. Chanjo zilipona. Nilipofungua kasha mbele ya muuguzi, barafu ilikuwa imebaki kiasi na kipimajoto kilikuwa bado hakijafika 8. Kina mama walikuwepo bado. Tangu hapo natembea na kipande cha pamba. Ukikipitisha ndani ya tairi kinanasa kwenye vitu ambavyo kidole hakivisikii, na hakikuchani mkono kama kuna kioo.

Binti Mnyororo
Mungu akubariki. Nimesoma huku nimeshika moyo.

Mzee wa Keria
Vijana, mshukuru tairi linatoka. Mwaka 1888 Dunlop aliposajili tairi lake la upepo kule Belfast, tairi zile za mwanzo zilifungwa kwa kugandishwa kwenye gurudumu. Pancha ilikuwa kazi ya kubandua, kuziba, kugandisha upya na kungoja gundi ikauke. Mwaka 1891 kina Michelin wakaleta tairi la kuvuliwa, na mwaka huohuo Charles Terront akashinda nalo mbio za Paris hadi Brest na kurudi. Kwa hiyo mtu anayevua tairi akaliacha bila kupekua ndani anaitupa faida yote waliyoihangaikia hao.

KirakaHalisi
Somo zuri mzee wangu, shikamoo.

Mlimapanda
Mimi nina neno moja tu: dawa ya maji ya kumimina ndani ya tyubu. Inaziba yenyewe ukiwa unatembea. Yanini kupekua?

TairiJembamba
Inaziba tundu, mwiba inauacha. Mwiba unaendelea kupanua. Na siku inapozidiwa, jaribu kubandika kiraka kwenye mpira uliolowa ile dawa uone kama kitashika.

Mlimapanda
Kwenye njia ya miiba mingi huwezi kukaa unapekua mwiba mmojammoja. Dawa imenifikisha nyumbani kila wakati.

Spoki36
Kila mtu na njia zake. Mlimapanda kwa miiba midogo yuko sahihi. Kwa mpasuko, au kwa tundu kwenye shina la vali, dawa haisaidii.

Na hilo la shina la vali ndilo lililonileta hapa. Nilikuwa na baiskeli inayokata tyubu palepale vali inapoungana na mpira. Kiraka hakikai pale, kwa hiyo kila mara tyubu inatupwa. Kila fundi anasema tyubu ni mbovu, nunua nyingine. Mmoja akapima tundu la rimu: lilikuwa limetobolewa kwa ajili ya vali nene kama ya gari, ya milimita 8, na mimi natumia vali nyembamba ya milimita 6. Vali inacheza, kingo za chuma zinasaga mpira. Akanivalisha kipete cha kujaza nafasi, akalainisha kingo kwa msasa, tatizo likaisha. Pia alinionya nisiendeshe upepo ukiwa mdogo, kwa sababu ukifunga breki tairi linateleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, wakati vali imeshikiliwa. Ukiona vali imelala upande, haisimami wima, ndiyo hiyo.

Mwendapole
Vali kulala upande nimeiona mara nyingi sana na sikuwahi kuiunganisha na hili. Ahsante.

Mama Pacha
Ongezeni na kiraka chenyewe. Sio kila pancha inayorudi ina chanzo kipya. Zamisha tyubu, povu likitoka pembeni mwa kiraka kilekile, shida ni solusheni haikuachwa ikauke au msasa haukuondoa ule mng'ao wa mpira. Solusheni ikiwa bado inang'aa kwa maji, usibandike.

Upepo Mwingi
Mimi nabandika hapohapo na inashika.

KirakaHalisi
Leo umeamua kupinga kila kitu mkuu.

Binti Mnyororo
Naombeni msaada. Baiskeli ya mwanangu, jioni inajazwa upepo, asubuhi gurudumu la nyuma limelala. Nimezamisha tyubu yote kwenye ndoo, kipande kwa kipande, nimeivuta kidogo ili tundu lifunguke. Hakuna hata povu moja.

Spoki36
Ulizamisha na vali, dada?

Binti Mnyororo
Hapana, vali niliiacha juu isiingie maji.

Spoki36
Ni ile ya kizamani, yenye kinati cha kufungua ukaichomoa yote?

Binti Mnyororo
Ndiyo.

Spoki36
Rudisha tyubu, jaza upepo, halafu paka mate mdomoni mwa vali. Uangalie likivimba povu. Likitoka, fungua hicho kinati uchomoe kipini cha ndani. Kuna kimpira chembamba kimekivaa, ndicho kinachoruhusu upepo kuingia na kuuzuia kutoka. Kikikauka au kupasuka, upepo unatoka polepole usiku kucha na tyubu yako haina kosa lolote.

Binti Mnyororo
Povu linavimba! Nimefungua, kimpira kimechanika kwa urefu.

Mzee wa Keria
Nunua viwili mwanangu. Cha gurudumu la mbele kina umri uleule.