Darasa la SKYWARN la kuripoti dhoruba: nina Kiingereza cha kuombea maji, nitaweza?

binti_kigoma (Cedar Rapids, Iowa)

Habari zenu wadau wa huku kwenye mahindi. Nauliza kwa wale waliopita hii njia. Kuna mzee mmoja wa Kimarekani nafanya nae kazi kaniambia ofisi ya hali ya hewa ya serikali, NWS, inatoa darasa la bure kwa watu wa kujitolea wanaoripoti dhoruba, linaitwa SKYWARN, akaniambia we ndo unafaa kabisa maana unakaa pembeni ya mji na kibarazani kwako anga lote la magharibi liko wazi. Nimevutiwa ila nina wasiwasi. Kwanza Kiingereza changu ni cha kuombea maji, sasa dhoruba inakuja moyo unadunda nipige simu nianze kutafuta maneno si nitawachelewesha tu? Alafu hawa jamaa wana rada, wana setilaiti, mimi na macho yangu mawili naongeza nini pale?

Na la mwisho ndo linaniuma zaidi, kanisani kwetu tupo wa Kongo, Burundi na sisi wa Tanzania, tangu ile derecho (dhoruba ya upepo mkali unaosafiri mbali) ya Agosti 2020 king'ora kikilia tu kila mtu anampigia mwenzake kuuliza kuna nini, na grupu la WhatsApp linajaa video za tonado za Oklahoma za miaka iliyopita. Nikishasoma hilo darasa naruhusiwa kuwatangazia watu kwenye grupu kwa Kiswahili au nitakuwa najitia kimbelembele?

mjomba_wa_desmoines

Dada nenda, usijiulize mara mbili. Darasa ni kama masaa mawili hivi, bure, hakuna mtihani wa kukutoa jasho. Mengine yanafanyika kwa intaneti kabisa unakaa na chai yako.

Kuhusu rada. Rada inayowaangalia nyie Cedar Rapids iko Davenport, kwa njia ya ndege ni kama kilomita 100. Ule mwali wake wa chini kabisa hautoki ukiwa umelala, unainuka nusu digrii, na dunia nayo inakunja mgongo, kwahiyo ukifika kwenu uko juu kama kilomita moja na nusu. Yaani mtabiri pale Davenport anaona vizuri sana kinachozunguka tumboni mwa wingu lakini kuanzia hapo kushuka mpaka kwenye bati la nyumba yako anakisia. Tonado inagusa ardhi huko chini. Mawe ya mvua yanayeyuka njiani au hayayeyuki, huko huko chini. Mtu aliyesimama kibarazani ndo anamalizia ile picha, na ukimwambia mtabiri "nimeona" analiandika kwenye onyo lake, na watu wakisikia onyo limethibitishwa na macho ya mtu wanasogea haraka kuliko wakiambiwa rada imeonyesha.

Kiingereza usiogope hata kidogo, hawataki hadithi. Wanataka vitu vitatu tu, saa, umeona nini, uko wapi. Ukisema uko maili mbili kaskazini ya Marion, saa 5:10 PM, mawe saizi ya kwota (ile sarafu ya senti 25), yanaendelea kuanguka, umemaliza, kata simu. Nilichofanya mimi nimeandika sentensi zangu kwenye karatasi nikabandika kwenye friji, nafasi za saa na saizi nimeziacha wazi, nikipiga nasoma tu kama naagiza piza.

Na ujue cha kuripoti. Mawe kuanzia inchi moja, hiyo ndo kwota, chini ya hapo hayafiki kipimo cha dhoruba kali ingawa ofisi nyingine zinayapokea tu. Upepo kuanzia maili 58 kwa saa, lakini jamani usibahatishe maili, karibu kila mtu anazidisha, we sema tawi la unene wa inchi ngapi limevunjika na kama mti ulikuwa mzima au umeoza ndani. Mafuriko barabarani. Na wingu linaloning'inia chini ya ile sehemu isiyo na mvua, hapo swali la kwanza watakuuliza linazunguka? Kaa nalo kidogo uliangalie, tulia. Darasani mwalimu alitusimamishia video akauliza hii ni nini, nusu ya chumba wakasema tonado, kumbe ni vijiwingu vimechanika vinapanda mbele ya mvua havizunguki hata kidogo. Radi na wingu jeusi la kutisha usipige simu, hivyo wanavyo kwenye kompyuta.

kakaMbeya_OKC

Mjomba kamaliza, mi naongeza moja tu. Kuripoti siyo kukimbiza. Nipo huku Oklahoma na kila mwaka nawaona vijana wetu wanawasha gari kufuata wingu ili waende live TikTok. Tarehe 31 Mei 2013 pale El Reno ilishuka tonado ya upana wa kama maili 2.6, pana kuliko zote zilizowahi kupimwa, imefunikwa na mvua huoni kitu, ikageuza njia na ikaongeza mwendo. Iliwaua Tim Samaras, mwanae Paul na mwenzao Carl Young, na hao siyo watalii, Samaras alikuwa mtafiti aliyetumia miaka na miaka kuweka vifaa kwenye njia ya tonado, anajua kuliko sisi wote humu tukijumlishwa. Kwahiyo dada baki kibarazani kwako na ukiona inakuja upande wako shuka besimenti, ripoti utaimalizia huko chini.

Usiku ndo kabisa, usitoke. Kama ni lazima uangalie angalia wakati radi inamulika, na ile miali ya bluu na kijani inayopasuka chini chini kwenye upeo ni transfoma na nyaya za umeme zinakatika, hiyo ripoti inathaminiwa sana.

fundi_antena

Nikuulize dada, siku ya derecho simu yako ilikuwa na netiwaki?

Najua jibu. Ule upepo ulitembea kama maili 770 kwa masaa 14 kutoka South Dakota mpaka Ohio na hapo kwenu ulikadiriwa kufika maili 140 kwa saa, umeme ukaenda, minara ya simu ikaenda. Ndo maana SKYWARN toka zamani imeshikana na watu wa redio za ham, yaani redio za mawasiliano za watu binafsi wenye leseni. Kukiwa na dhoruba anakaa mmoja anaongoza masafa, wengine wote kimya, anasema mwenye ripoti ya mawe au upepo aingie, unataja namba yako ya wito unasubiri akuite, akikuita unasema yako kwa sekunde kumi unatoka. Hakuna salamu hakuna habari za nyumbani. Mswahili kutosalimiana inauma kidogo mwanzoni ila unazoea.

Leseni ya kuanzia inaitwa Technician, maswali 35 upate 26, na maswali yote na majibu yake yako wazi kwenye intaneti unakariri, ada ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ni dola 35 na leseni inakaa miaka 10. Watu wetu wengi hawajui hili, HUHITAJI kuwa raia, kinachotakiwa ni anwani ya posta ya Marekani na usiwe mwakilishi wa serikali ya nje. Kusikiliza tu wala hakuhitaji leseni. Na SKYWARN yenyewe haihitaji redio, simu inatosha, hii ni kwa mwenye hamu.

mama_baraka (Iowa City)

Nimesoma yote ila swali la grupu mmelikwepa wajomba, na ndo swali lenyewe.

Binti yangu siyo kimbelembele. Zile meseji za dharura zinazopiga kelele kwenye simu zinakuja kwa Kiingereza na Kispaniola, basi. Na mwaka 2020 onyo la dhoruba ya upepo halikuwa linapiga simu kwa nguvu kama la tonado, hilo limewekwa 2021 na ni kwa zile kali mno tu, upepo wa maili 80 au mawe ya saizi ya mpira wa besiboli. Kwahiyo mtu wa kuwaambia watu wetu anatakiwa. Ila tulijaribu kwenye jumuiya yetu na nikwambie palipotushinda.

Meseji ya sauti haina saa. Unatuma "jamani shukeni chini inakuja", ni kweli kwa dakika hiyo, onyo la tonado mara nyingi ni dakika 30 au 45 linaisha. Sasa mtu yuko zamu kiwandani anaisikia masaa matatu baadae, anaifowadi kwa shangazi yake Des Moines, shangazi anafowadi Omaha, usiku wa manane watu wako chooni na watoto na mablanketi na nje nyota zinawaka. Ikitokea mara mbili, ya tatu hakuna anayeshuka.

Na saa yenyewe ni mtego mwingine. Sisi tukisema saa kumi na moja jioni ni 5 PM. Wenzetu wengi wa Kongo wanahesabu kama Wafaransa, kwao saa kumi na moja ni 11. Mtu mmoja anasema onyo linaisha saa kumi na mbili, nusu ya grupu wanaelewa 6 na nusu 12! Tukakubaliana saa haitamkwi, inaandikwa kwa tarakimu kama inavyoonekana kwenye simu. 5:40 PM, nukta. Hata wewe ukipiga simu ofisini kaa macho hapo, moyo ukidunda mdomo unarudi nyumbani unawaambia eleven badala ya five.

Sasa hivi tunafanya hivi, meseji ya maandishi inaanza na jina la kaunti, inafuata mpaka saa ngapi, alafu ufanye nini. Kama hii ya mwaka huu: LINN. Mpaka 5:40 PM. Tonado. Shuka ghorofa ya chini kabisa, bafuni au korido isiyo na dirisha, wa trela toka uende jengo imara SASA. Sauti inakuja baada ya maandishi kwa ajili ya wazee wasiosoma, na anayeirekodi lazima ataje kaunti na siku. Ikiisha tunafuta yote mawili kwa kila mtu. Siku hali ya hewa inapokuwa mbaya wanaandika watu wawili tu, wengine tunafunga grupu. Kelele zilikuwepo, mchungaji mmoja alinuna, zimepita.

Na usichanganye wochi (watch, tahadhari) na woning (warning, onyo). Wochi maana yake viungo vyote viko jikoni, angalia simu, jua besimenti iko wapi, watoto wasiende mbali. Woning kimeshaonekana, na macho au na rada. Ukipiga yowe kwenye wochi utachosha watu kabla dhoruba haijafika.

pwani_ya_mwanza

Nipo Mwanza nawasoma tu. Huku dhoruba za ziwani zinapiga sana usiku na alfajiri wakati wavuvi wako katikati ya maji, TMA, mamlaka ya hali ya hewa Tanzania, wana rada hapa Mwanza na utabiri wa ziwa unatoka, lakini mvuvi simu kaiacha nyumbani au iko kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Hiyo ya kuandika saa ya mwisho kwenye meseji naichukua naipeleka mwaloni kwetu, maana huku ikitumwa "upepo mkali leo" hakuna anayejua leo ya lini.

binti_kigoma

Aisee asanteni sana, mama Baraka shikamoo, hiyo ya saa nimecheka ila kweli kabisa, juzi tu tumekosana na dada wa Bukavu kuhusu muda wa mazoezi ya kwaya. Nimejiandikisha darasa la intaneti. Kitu kimoja bado, mawe huku yanayeyuka fasta, nikipima yameshakuwa maji je? Na ile mPING mtu kaniambia niipakue ni ya nini?

mjomba_wa_desmoines

mPING ni programu ya simu ya watafiti wa NSSL, maabara ya serikali ya dhoruba kali, na chuo kikuu cha Oklahoma, haina majina wala maelezo, unagusa tu mvua ya mawe unachagua saizi unatuma, Kiingereza hakikusumbui. Nzuri, ila haibadilishi simu yako Davenport kama jambo ni kubwa. Ile namba ya simu wanayokupa darasani usiimwage kwenye grupu, ni ya ripoti. Na mtu akiumia au nyaya zikidondoka hiyo ni 911 kwanza, vituo vingi wana mkalimani kwenye laini, we taja tu lugha yako.

Mawe usitoke kuyaokota yakiwa yanaanguka tafadhali, la saizi ya mpira wa gofu linapasua kichwa. Yakikatika toka chukua kubwa uliloliona, pima upande mrefu kwa rula ya inchi, piga picha na rula iwe pembeni, siyo kwenye kiganja maana viganja havifanani. Kama huna rula karibu litie kwenye mfuko uliweke friza, utalipima baadae. Ripoti ya kuchelewa nayo wanaitaka, ilimradi useme yalianguka saa ngapi siyo umepiga simu saa ngapi.

binti_kigoma

Sawa mjomba. Rula ya watoto iko friji juu tayari.