Herufi b kwenye "debt" inafanya kazi gani?

Jana nilikuwa namsahihishia mwanangu imla. Kaandika "det", nikamwekea kosa. Akaniuliza, "Mama, b ya nini kama haitamkwi?" Nikakosa jibu. Nisaidieni jamani.

Jibu: Mtoto ana hoja nzito! Waingereza walilitoa neno hilo kwenye Kifaransa, wakaliandika "dette", bila b. Baadaye wasomi walioenzi Kilatini wakaichomeka ili lifanane na "debitum". Matamshi yakabaki yale yale. "Doubt" nalo lilifanyiwa hivyo, kwa ajili ya "dubitare".

Jibu: Mimi "island" ndiyo inaniuma. Ni neno la Kiingereza cha kale kabisa, halikuwa na s. Walilidhania ndugu wa "isle", wakalibandika s.

Muulizaji: Asanteni sana. Kosa litabaki, ila swali lake nampa alama zote.